Mabadiliko Hayakumbatiwi kwa Barua Pepe

Ukifanya kazi kwenye ofisi yenye kitengo cha teknolojia, iwe benki, kampuni ya simu au gazeti, sentensi hii umeshaipokea, na mara nyingi huja Ijumaa jioni: "Tunawaomba wafanyakazi wote wayakumbatie mabadiliko haya kwa mtazamo chanya." Juu yake kuna aya mbili za shukrani. Chini yake kuna mchoro wa visanduku na mistari, na jina lako limo kwenye kisanduku ambacho jana hakikuwepo, au halimo kabisa.

Nataka kugombana na kitenzi hicho. Wengine wagombane na mchoro.

Kwa Kiswahili cha nyumbani tunamkumbatia mtoto aliyeanguka, mama aliyeshuka kwenye basi la Mbeya saa nne usiku, rafiki aliyefiwa. Kukumbatia ni kwa mikono miwili na kwa hiari. Hakuna mtu aliyewahi kuandikiwa barua kwamba kuanzia tarehe 1 amkumbatie shangazi yake. Na ukija kwenye Kiswahili cha magazeti, ambacho ndicho kinachonilisha, kitenzi hicho kina sura nyingine kabisa: kiongozi "anakumbatia mafisadi", halmashauri "inakumbatia wazembe". Yaani umekificha ubavuni kitu kinachonuka na hutaki kukiachia. Sasa mtu wa rasilimali watu anapochukua neno lenye maana hizo mbili, ya upendo na ya uvundo, akalipachika kwenye tangazo la kuvunja timu ya watu kumi na wawili, mimi msomaji nifanyeje? Nacheka kwanza. Halafu naanza kujiuliza neno la kawaida limeenda wapi.

Maana neno la kawaida tunalo, na kila mtu wa masjala analijua: panga pangua. Tunalitumia Rais akibadilisha mawaziri, tunalitumia kocha akibadilisha kikosi. Uzuri wa panga pangua ni kwamba ina mtendaji. Kuna aliyepanga na kuna aliyepangua, unaweza kumtaja na unaweza kumuuliza. "Mabadiliko" hayana mtu nyuma yake. Yanakuja kama masika, na kazi yako ni kutafuta mwavuli. Hata kwenye siasa hatukuwa hivi. Mwaka 1992 tulipoingia vyama vingi tuliita mageuzi, na mwaka 2015 mamilioni walizungusha mikono hewani wakiimba mabadiliko. Ukubali au ukatae kilichoimbwa, mwishoni kulikuwa na karatasi ya kura. Ofisini mikono inazungushwa, ila kura hakuna.

Kwa watu wa programu za kompyuta, maneno haya yana kitabu chake. Mwaka 1999 Kent Beck, mtengeneza programu wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Extreme Programming Explained, na kichwa chake kidogo kilikuwa Embrace Change. Beck hakuwa mtu wa semina. Alikuwa ametoka kwenye mradi wa mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, mradi uliokuwa umekwama, na alichokuwa anajaribu kujibu ni swali la ufundi: mteja akibadilisha mawazo katikati ya kazi, inakuwaje gharama zisipae? Jibu lake lilikuwa orodha ya mazoea. Andika majaribio kabla ya kuandika programu yenyewe. Fanyeni kazi wawili wawili kwenye kompyuta moja. Mteja akae pamoja nanyi. Anayepanga nini kifanyike ni upande wa biashara, lakini anayesema itachukua muda gani ni fundi mwenyewe, na makadirio yake hayakatwi na bosi. Na kulikuwa na zoea moja ambalo sijawahi kuliona kwenye barua pepe yoyote ya Ijumaa jioni: wiki ya saa 40. Ukizidisha saa wiki hii, wiki ijayo usizidishe. Ukiona inabidi, jua mradi una ugonjwa, na dawa yake siyo usiku wako.

Kwa hiyo kukumbatia kwa Beck kulikuwa na bei, na bei ililipwa na pande zote mbili. Fundi anakubali kwamba mteja ana haki ya kubadilisha mawazo. Mwajiri naye anakubali kwamba fundi ana haki ya kulala. Miaka miwili baadaye, Februari 2001, Beck alikuwa mmoja wa watu 17 waliokutana Snowbird, jimbo la Utah, wakaandika ilani fupi iliyowatanguliza watu mbele ya taratibu na zana. Ilani hiyo ndiyo imezaa ajaili, neno ambalo leo mkurugenzi analitamka kabla hajamaliza kusalimia. Kati ya Utah na Posta ilidondoka nusu moja ya mkataba. Iliyotufikia ni ile inayomtaka fundi abadilike. Ile ya saa 40 sijui imeshikiliwa na forodha gani.

Kilichojaza nafasi yake ni vitabu vya aina nyingine, na hapa wapenzi wa fasihi tunahusika, kwa sababu ni hadithi. Who Moved My Cheese? ya Spencer Johnson ilitoka mwaka 1998, ikauzwa kwa mamilioni, na makampuni yaliinunua kwa maboksi kuwagawia wafanyakazi. Humo kuna panya wawili na watu wawili wadogo wenye kimo cha panya, wote wakiishi ndani ya njia za kupotezana, wakila jibini. (Jibini lenyewe wengi wetu tunakutana nalo kwenye piza ya harusi, lakini tuendelee.) Siku moja jibini halipo. Panya hawaulizi, wanakimbia kutafuta jingine. Watu wanakaa, wanalalamika, mmoja anajifunza hatimaye kukimbia kama panya. Ndiyo imeisha hiyo.

Naisoma kama ninavyosoma hadithi yoyote na naona imejengwa kwa uhodari wa kutisha. Swali liko kwenye jalada, nani amelihamisha jibini, na kitabu kizima kinafanya kazi ya kukufundisha kwamba kuliuliza ni utoto. Njia zile zilijengwa na nani? Jibini lilikuwa la nani? Je, aliyelihamisha amelipeleka nyumbani kwake? Msimulizi hamjui, na mhusika anayeuliza ndiye anayechekwa. Sisi tuliolelewa na sungura tunazijua hadithi za wanyama. Sungura wetu akiibiwa, anatafuta mwizi.

Mbaya zaidi ni kile kiitwacho mkunjo wa mabadiliko, ule mchoro unaoshuka bondeni na kupanda tena, unaoonyeshwa ukutani wakati mnangoja sambusa. Asili yake ni hospitali. Mwaka 1969 Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa akili aliyezungumza na wagonjwa wa Chicago waliokuwa wanakufa, aliandika On Death and Dying, akaeleza hatua tano: kukataa, hasira, kujadiliana bei, huzuni, kukubali. Washauri wa makampuni waliuchukua mpango huo wakabandika juu yake "mfumo mpya wa kazi". Hebu tulia na hilo. Mgonjwa hakupewa saratani na kamati. Akijadiliana, hana wa kujadiliana naye ila Mungu. Wewe unayehamishwa kitengo unaye wa kujadiliana naye. Yupo ghorofa ya nne, ana katibu muhtasi, na ana kalenda. Mchoro ule unachukua pingamizi lako, ambalo huenda lina hoja, na kuliita hatua ya pili. Ukikasirika, umetabiriwa. Ukinyamaza, umepona.

Kuhusu makabila nitasema kidogo tu, maana yanajieleza. Mwaka 2012 Henrik Kniberg na Anders Ivarsson waliandika karatasi kuhusu jinsi timu za Spotify, kule Uswidi, zilivyojipanga: vikosi vidogo, vikosi vinaunda kabila, na kadhalika. Wenyewe waliandika wazi kwamba hiyo ni picha ya wakati ule tu, na safari bado inaendelea. Haikusaidia. Mabenki na makampuni ya simu duniani yalinakili majina. Sasa hebu mfikirie meneja wa Afrika Mashariki, ukanda ambao tumelia, tumepigana na wengine wamekufa kwa sababu ya neno hilo, akisimama mbele ya wafanyakazi kuwatangazia kwamba kuanzia Jumatatu watakuwa kabila la Malipo. Na anashangaa watu wanaangaliana.

Niliona moja kwa karibu. Gazeti silitaji. Chumba cha habari kilikuwa na kitengo cha teknolojia cha watu wachache, na kati yao dada mmoja aliyekaa pale karibu miaka tisa. Moja ya kazi zake, ambayo haikuwa kwenye maelezo ya kazi ya mtu yeyote, ilikuwa programu ndogo ya matangazo ya tanzia na kumbukumbu. Tanzia huletwa usiku na hulipiwa kwa simu. Tatizo ni kwamba jina la aliyelipa karibu kamwe halifanani na jina lililo kwenye tangazo. Msiba ukitokea, anayeandika tangazo ni mtoto mkubwa, lakini anayetuma hela ni yeyote mwenye salio wakati huo: shemeji aliyeko Arusha, jirani, mwenyekiti wa kikundi, wakala wa pale kona aliyelipwa taslimu. Mfumo wa malipo ulionunuliwa kwa fedha nyingi ulitaka majina yalingane. Dada yule alikuwa ameandika kitu kinacholinganisha kiasi, saa, na namba yoyote ya simu iliyotajwa ndani ya tangazo, na visivyolingana vikamjia yeye, akapiga simu. Kila usiku alipiga mbili tatu.

Panga pangua ilipokuja, kitengo kilivunjwa kuwa vikosi. Yeye akapelekwa kikosi cha ubunifu. Kwenye kikao aliuliza swali moja, na mimi nilikuwepo kuandika habari kwa ajili ya jarida la ndani: nani atashika tanzia? Akajibiwa kwamba hizo ni fikra za zamani, sasa timu nzima inamiliki kila kitu. Akauliza tena. Baada ya kikao nilisikia kwenye korido sifa yake mpya: anapinga mabadiliko.

Kikosi kipya kilikuta hatua isiyo na maelezo, inayochelewesha malipo, wakaiondoa. Hawakuwa wajinga, walikuwa vijana wazuri sana. Ila hatua ile ilikuwa na sababu na sababu ilikuwa kichwani mwa mtu aliyehamishwa ghorofa. Kwa siku kadhaa tanzia zilizolipiwa hazikutoka. Tangazo la mahafali likichelewa, linatoka kesho. Mtu akizikwa Jumamosi saa kumi Kinondoni, tangazo la Jumapili halina kazi. Wapo ndugu waliokuja hadi mapokezi na meseji za malipo kwenye simu, wameshazika, wanataka kujua kwa nini watu wa ukoo wa Tanga hawakupata habari. Mlinzi alikuwa hajui awaambie nini. Wale ndugu ndio waliolipa gharama ya mtazamo chanya.

Peter Naur, Mdenmarki aliyekuja kupewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2005, aliyaeleza haya mwaka 1985 kwenye insha yake Programming as Theory Building. Hoja yake ni kwamba programu siyo maandishi yaliyomo kwenye kompyuta. Programu ni uelewa walionao walioitengeneza: kwa nini iko hivi na siyo vile, inagusa wapi maisha ya watu wanaoitumia. Nyaraka haziwezi kuubeba uelewa huo wote, hata ziandikwe vizuri kiasi gani. Timu yenye uelewa ikivunjwa, anasema, programu inakufa, hata kama bado inawaka taa. Wapenzi wa fasihi hatuhitaji kushawishiwa sana hapa. Tunajua tofauti ya utenzi ulioandikwa karatasini na mzee anayeujua ulitungwa kwa nani na kwa nini beti fulani zimerukwa.

Sasa, kuna watu wa teknolojia wanaoficha nywila kama urithi wa ukoo ili wasifukuzwe. Nawajua, na wanaudhi. Riwaya ya The Phoenix Project ya mwaka 2013, ambayo Gene Kim na wenzake wawili waliiandika ili kuwafundisha mameneja, inamfanya mhusika wa namna hiyo, Brent, kuwa mlango mwembamba ambao kila kazi ya kampuni lazima ipite. Ni kweli kabisa. Ila soma uone jinsi Brent anavyoandikwa: tunamjua kwa foleni ya kazi zake tu. Anajadiliwa, anapangiwa, analindwa na simu, na yeye mwenyewe kuhusu kampuni ile ana maoni gani, tunapata kidogo mno. Na kuna sababu halali za kupangua timu. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi hutengeneza mifumo inayofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana, kwa hiyo ukitaka mfumo mwingine inabidi uguse mawasiliano ya watu. Nakubali. Mimi sina ugomvi na kuhamisha meza.

Ugomvi wangu ni na lile shtaka la kupinga mabadiliko. Fasihi yetu imelishughulikia vizuri kuliko vitabu vyote vya uwanja wa ndege. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Karama yuko kizimbani, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta yatakayoifaa nchi. Wajumbe walikwenda, wakateseka, wakarudi na mapendekezo, na malipo yao yakawa kifungo. Tazama nani kule anapinga mabadiliko. Siyo wa chini. Wajumbe ndio wenye mabadiliko mkononi, na wenye viti ndio wanaoona jina lao likiguswa. Nikimfikiria yule dada na programu yake ya tanzia naona mjumbe: alishabadilisha kitu, peke yake, kwa sababu aliwasikiliza wafiwa. Tofauti ni kwamba Karama alipewa nafasi ya kujitetea mbele ya baraza. Mfanyakazi anayeitwa mpinga mabadiliko hukumu yake inatolewa koridoni, na inaonekana baadaye kwenye fomu ya tathmini ikiwa alama 2 kati ya 5 za "unyumbufu".

Au chukua Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1979, iliyoandikwa wakati vumbi la Operesheni Vijiji halijatulia. Novemba 1973 kuhamia vijijini kulitangazwa kuwa amri, na kufikia 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa. Silinganishi ofisi yenye kiyoyozi na watu ambao baadhi yao nyumba zao zilichomwa moto wakiangalia. Nalinganisha lugha. Kezilahabi aliona kwamba ukishaita jambo ukombozi, kila anayeuliza maji yako umbali gani na shamba linabaki na nani anageuka kuwa adui wa ukombozi, na swali la maji linabaki bila jibu. Kichwa cha riwaya kinatosha: nyoka hubadilisha gamba. (Mwaka 2011 CCM ilikuja kufanya kujivua gamba kaulimbiu yake, sijui kama kuna aliyewakumbusha riwaya hiyo.)

Sheria yenyewe, nikija kwenye yale yanayouma zaidi, haina kitenzi cha kukumbatia. Panga pangua ikifika mahali pa kupunguza watu, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri wa Tanzania Bara atoe taarifa mara tu anapofikiria jambo hilo, atoe habari zote zinazohusika, na ashauriane kabla: kwa nini, kuna njia gani ya kuepuka, watachaguliwaje, lini. Kushauriana. Wabunge, ambao hatuwasifu kila siku kwa Kiswahili wala Kiingereza chao, waliliona hilo.

Na sasa jambo ambalo wasomaji wengi wa kurasa hizi halitawafurahisha. Barua pepe hizi zinaandikwa na sisi. Mkurugenzi hajui kuandika aya. Anayempangia "kukumbatia" na "mtazamo chanya" na "safari yetu ya pamoja" ni mtu wa mawasiliano mwenye digrii ya lugha au uandishi, aliyesoma Kusadikika kwa mtihani, anayejua kabisa kwamba tafsiri ile ni mbovu, na anayetuma hivyohivyo kwa sababu saa kumi na nusu gari la kampuni linaondoka. Nimefanya kazi na wengi wao, ni marafiki zangu, tunabadilishana riwaya.

Kwao nina ombi. Mkipewa rasimu inayosema wafanyakazi wakumbatie, irudisheni na sentensi hii mahali pake: "Tumeamua kuvunja kitengo chenu, aliyeamua ni fulani, sababu ni hii, mwenye swali aje Jumatatu saa tatu, tutakuwepo." Bosi ataifuta, najua. Lakini ataifuta kwa mkono wake, na atajua kuna mtu mezani anayejua tofauti. Yule dada aliacha kazi miezi michache baada ya vikosi kuundwa. Barua yake ya kuaga haikuwa na neno mabadiliko hata mara moja. Ilikuwa na namba yake ya simu, na mstari mmoja kwamba tanzia zikikwama usiku wampigie, hata akiwa amelala.